Soko la viwanja vitupu Dar, Pwani na Dodoma: bei za matangazo zinatuambia nini?

Mchanga_Mweupe:

Wakuu, habari za kazi. Kuna milioni 15 taslimu, na nia ni kununua kiwanja kitupu cha kukaa nacho miaka mitano hadi saba, kisha kukijenga au kukiuza kutegemea hali. Baada ya kupekua matangazo na kuzungumza na madalali, yamebaki machaguo manne:

1. Kimbiji, Kigamboni. Mita za mraba 600, muuzaji ni kampuni. Ukilipa taslimu ni 9,000 kwa mita (milioni 5.4). Kwa awamu za mwaka mmoja ni 11,000 kwa mita (milioni 6.6), unaanza na asilimia 30.
2. Mapinga, njia ya Bagamoyo. Mita 500, kina hati, muuzaji ni mtu binafsi. Milioni 15, "maongezi yapo".
3. Visiga, Kibaha. Shamba la eka moja, halijapimwa, karatasi iliyopo ni ya mauziano ya serikali ya mtaa. Milioni 14.
4. Nala, Dodoma. Mita 700, kimepimwa, muuzaji ana barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja, kabla ya hati). Milioni 7.

Maswali: Je, bei zinapanda kweli au ni matangazo tu yanayopanda? Kwa nini ile eka inaonekana rahisi kiasi hicho? Kulipa kwa awamu kuna hasara gani? Na kodi wakati wa kuuza zikoje? Naomba majibu ya wanaolijua soko. "Ardhi haiozi" nimeshaisikia vya kutosha.

---

Jicho_la_Soko:

Mkuu, kwanza tutenganishe bei mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku: bei ya tangazo na bei ya kuuziana. Nchi yetu haina orodha ya wazi ya mauzo ya ardhi ambayo mwananchi anaweza kuifungua akaona kiwanja cha jirani kiliuzwa shilingi ngapi mwezi uliopita. Kinachoonekana mtandaoni ni anachokiomba muuzaji pamoja na cha juu alichopachika dalali, na mara nyingine madalali wawili watatu kila mmoja kaongeza chake. Kwa hiyo matangazo yakipanda asilimia 20 huwezi kusema soko limepanda asilimia 20. Unachoweza kusema ni kwamba wauzaji wana matumaini.

Ukitaka kuikaribia bei halisi, fanya mambo mawili. Angalia tangazo moja limekaa muda gani. Kiwanja kilichowekwa kwa bei ileile miezi minane bila kuondoka kinakuonyesha kwamba bei yake hailipiki. Pili, ulizia kwa mthamini aliyesajiliwa anayefanya kazi eneo hilo. Yeye anajua thamani zinazoidhinishwa ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali kwa eneo lile, na hizo zinatokana na mikataba iliyopita mikononi mwao. Zinaweza kuwa chini kidogo ya soko, lakini hazina cha juu cha dalali.

Sasa mwelekeo. Kwenye bei ya kiwanja kitupu cha leo kuna vitu vitatu vimeshonwa pamoja: ardhi yenyewe, karatasi, na ahadi. Zamani pembezoni mwa Dar watu walinunua ardhi tu, shamba pori kwa hatua, karatasi baadaye. Tangu Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 (Kibada, Gezaulole, Mwongozo, Tuangoma, Buyuni, Mbweni, Bunju na kwingineko), na hasa baada ya kampuni binafsi za upangaji na upimaji kuruhusiwa kufanya kazi kwa wingi, mnunuzi amejifunza kulipia karatasi. Pengo la bei kati ya kiwanja kilichopimwa na kisichopimwa mtaa mmoja limekuwa kubwa kuliko pengo la kilomita tano za umbali. Sidhani litarudi nyuma. Benki nyingi hazikopeshi kwa karatasi ya mauziano ya mtaa, na mnunuzi wa leo anamfikiria mnunuzi wa kesho.

Ahadi ndiyo inayochoma watu. Zinga na Mbegani, Bagamoyo, zilipandishwa bei na bandari: makubaliano yakasainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa 2015, mradi ukasimamishwa 2019, mazungumzo yakafufuliwa 2021. Aliyenunua kwenye kilele alilipia bandari isiyokuwepo. Kigamboni nako, mpango wa mji mpya wa 2008 uliwafungia watu uendelezaji kwa miaka huku bei zikisomwa kwa ramani za maghorofa. Kilichopandisha Kigamboni kwa kudumu ni daraja lililofunguliwa Aprili 2016, maana siku ya pili yake gari zilipita.

Kwa hiyo kwenye kila tangazo jiulize: sehemu gani ya bei hii ni kitu ninachoweza kukikanyaga leo? Tangazo la Kimbiji lazima limekutajia lami ya Kibada–Mwasonga–Kimbiji. Nenda ukaone imefika wapi, kisha upime umbali kutoka pale ilipoishia hadi kwenye kiwanja, kwa odometa ya bodaboda. "Dakika tano kutoka lami" ni kauli isiyo na kipimo. Vivyo hivyo treni ya SGR. Ina vituo Pugu, Soga na Ruvu kabla ya kufika Morogoro, na kila anayeuza ndani ya kilomita 15 za reli anakitaja kituo. Reli ikipita nyuma ya kiwanja hupati chochote isipokuwa kelele. Kituo chenye barabara ya kukifikia ndicho kinacholeta wapangaji na wajenzi.

Kuhusu awamu. Hesabu yako ya Kimbiji: milioni 6.6, unatanguliza asilimia 30, yaani 1,980,000, inabaki 4,620,000 kwa miezi 11, sawa na 420,000 kila mwezi. Lakini bei ya taslimu ni milioni 5.4, kwa hiyo kimsingi umekopeshwa 3,420,000 na unarudisha 4,620,000 ndani ya miezi 11. Hiyo ni riba ya kama asilimia 5.4 kwa mwezi. Kuna mikopo ya mtaani yenye riba nafuu kuliko hapo. Kwa kuwa fedha unayo, awamu haina maana yoyote kwako, isipokuwa moja: inakupa muda wa kuona kama karatasi zinatoka kweli kabla hujamaliza kulipa. Hata hivyo omba punguzo la taslimu zaidi, huwa lipo.

La mwisho kwa Kimbiji, na hili halisemwi sana. Ukitaka kuuza baada ya miaka mitano, mshindani wako mkubwa ni kampuni iliyokuuzia. Bado itakuwa na mradi wa awamu ya pili na ya tatu hapohapo, inamruhusu mnunuzi alipe kidogo kidogo na inampeleka kwa gari bure kuona eneo. Wewe unataka taslimu, na gari huna. Ndiyo sababu viwanja vya miradi mikubwa vikiuzwa mkono wa pili mara nyingi huuzwa chini ya bei ambayo kampuni inatangaza siku hiyohiyo. Faida huanza kuonekana kampuni ikishamaliza viwanja vyake na watu wakaanza kujenga. Kwa hiyo uliza mradi una viwanja vingapi, vimebaki vingapi, na nyumba ngapi zimesimama. Mradi wa viwanja 400 wenye nyumba sita utakusubirisha.

---

Bikoni_Nne:

Naongezea upande wa vipimo na karatasi, nikianza na ile eka ya Visiga kwa sababu ndiyo yenye mitego mingi.

Eka ni mita za mraba 4,047. Mashambani inapimwa "hatua 70 kwa 70", na hiyo inakubaliana na eka endapo hatua moja ni kama sentimita 90: mita 63 kwa 63 ni 3,969. Shida ni mguu wa nani. Mpima wa muuzaji akitembea hatua za sentimita 75, unapata mita 52.5 kwa 52.5, yaani 2,756. Umelipia eka ukapewa theluthi mbili yake. Beba futi ya kamba ya mita 50, au mlipe fundi mpima apite na kifaa nusu siku. Kwenye mkataba andika mita za kila upande na majina ya majirani wa pande nne. Neno "eka" peke yake usiliache.

Sasa urahisi wake. Milioni 14 kwa mita 4,047 ni kama 3,460 kwa mita, nawe unalinganisha na 30,000 ya Mapinga. Usilinganishe hivyo. Ukiikata eka kuwa viwanja, barabara na maeneo ya wazi vinakula robo hivi. Inabaki kama mita 3,035, viwanja saba vya mita 430 na ushee. Tuseme upangaji, upimaji na hati vinakugharimu laki tano kwa kiwanja: milioni 3.5. Jumla 17.5, gawa kwa 3,035, unapata kama 5,770 kwa mita. Bado ni rahisi, ndiyo, lakini kuna sababu mbili. Ya kwanza, eka moja haipangwi peke yake. Mchoro wa mipango miji lazima uunganike na wa majirani. Afisa mipango miji hataidhinisha barabara inayoishia kwenye mikorosho ya mtu mwingine, kwa hiyo unasubiri eneo zima liandaliwe, na kwenye mchoro huo kiwanja chako kinaweza kuangukiwa na shule, zahanati au barabara ya mita 15. Ya pili, bajeti yako ni 15 na hesabu imeshafika 17.5.

Kabla ya kitu kingine, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize eneo hilo limepangiwa matumizi gani, na kama kuna mchoro ulioidhinishwa tayari. Kuna mashamba yanauzwa leo ambayo kwenye mchoro ni eneo la viwanda au makaburi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza asilijue hilo kabisa.

Hapohapo kwa mwenyekiti: sheria za ardhi hazimpi mamlaka ya kuidhinisha mauziano. Muhuri wake unasaidia kama ushahidi kwamba muuzaji anajulikana pale na kwamba majirani wameshuhudia mipaka, na hapo ndipo unapoishia. Ile "asilimia 10 ya serikali ya mtaa" inayodaiwa sehemu nyingi haina msingi wa sheria. Shamba likiwa kwenye ardhi ya kijiji hasa, hali ni nyingine: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji nafasi yake, na mtu asiye mkazi hawezi kuikwepa.

Hifadhi za barabara nazo. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka barabara kuu kwenye mita 60, thelathini kila upande kutoka katikati. Lakini Morogoro Road kipande cha Kimara kwenda Kibamba hifadhi ni mita 121.5 kila upande, na bomoabomoa ya 2017 iliwapitia waliodhani thelathini inatosha. Kwa njia ya Kibaha uliza Tanroads (wakala wa barabara) kwa jina la kipande chenyewe. Kuna pia mikuza (njia zilizotengwa) ya umeme mkubwa, bomba la gesi na reli. Kandokando ya bahari, mita 60 kutoka maji yanapofika kwenye bamvua ni eneo la hifadhi kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, kwa hiyo tangazo la "kiwanja cha ufukweni kabisa" linakuuzia sehemu ambayo huwezi kuijenga.

Vilivyopimwa (Kimbiji na Nala): omba ramani ya upimaji iliyosajiliwa, yenye namba ya usajili. Mchoro wa rangi wenye maua uliochapishwa na kampuni ni picha ya biashara. Mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa nao ni hatua ya kwanza tu, ramani ya upimaji inakuja baada yake, hati baada yake tena. Kampuni nyingi zinauza zikiwa hatua ya kwanza huku zikisema "vimepimwa" kwa sababu mawe ya mipaka yamechimbiwa. Jiwe lenyewe halithibitishi kitu. Lazima namba iliyo juu yake ifanane na ya kwenye ramani.

Ukitaka kukagua mwenyewe kwa simu, tahadhari. Viwianishi vya ramani zetu nyingi ni vya mfumo wa Arc 1960, simu inasoma WGS84. Ukiviingiza moja kwa moja utajikuta umepotoka kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mia mashariki-magharibi, halafu unaanza ugomvi na mtu asiyehusika. Tumia programu inayobadilisha mfumo. Na usikosee kanda ya ramani: Dar na Pwani ni kanda ya 37 kusini, mji wa Dodoma uko magharibi ya nyuzi 36 kwa hiyo ni kanda ya 36.

Kwa kampuni uliza swali moja zaidi: shamba mama, lile zima lililokatwa viwanja, ni la nani leo? Kama hati ya shamba bado ina jina la mwenye shamba na kampuni inamlipa kadiri inavyouza, deni lao ni hatari yako. Wakigombana, wewe unabaki na risiti.

---

Stempu_na_Muhuri:

Kwenye kodi kuna makosa yanayorudiwa, niyaweke sawa.

Anayeuza anadaiwa kodi ya faida ya mtaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi, 30 kwa asiye mkazi. Faida ni bei ya kuuza kutoa gharama ya kununulia na gharama za kuendeleza zenye vielelezo. Mtu binafsi mkazi asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, asilimia 1, pamoja na ada za uhamisho na usajili. Bila hati ya TRA kwamba kodi imelipwa, Msajili wa Hati hapokei uhamisho.

Sokoni mambo yamegeuzwa. Muuzaji anasema "nataka zangu kamili, kodi zote juu yako". Si kosa mkikubaliana, ila hesabu kabla ya kusema bei ni nzuri. Kwenye Mapinga ya milioni 15, kama muuzaji hana kumbukumbu, asilimia 3 ni 450,000, stempu 150,000, ongeza mthamini, wakili na ada, inakaribia milioni. Hiyo milioni inayoondoka ndiyo ya kuitumia unapotumia yale "maongezi yapo".

Kosa kubwa ni kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Haisaidii, maana thamani iliyoidhinishwa ikiwa kubwa kuliko mkataba, kodi inafuata iliyo kubwa. Na inakuumiza baadaye. Umenunua kwa milioni 12, mkataba ukasema 6. Siku unauza 20, faida yako kwa karatasi ni 14 badala ya 8, na kodi 1,400,000 badala ya 800,000. Umemsaidia muuzaji wako ukajilipisha mwenyewe. Risiti za upimaji, uzio, kujaza kifusi, zote zihifadhiwe kwa sababu zinapunguza faida.

Kuhusu Nala yenye barua ya toleo: usihamishiwe toleo juu kwa juu. Barua ya toleo ina masharti ya malipo ndani ya muda, na muuzaji ambaye hakulipa anaweza kuwa hana tena kitu cha kuuza. Akamilishe hati kwa jina lake, kisha ahamishe. Kama anasema ni usumbufu, usumbufu huo uushushe kwenye bei au uachane naye.

Na kodi ya pango la ardhi. Madeni yanafuata kiwanja, hayamfuati mtu. Viwanja vingi vya mkono wa pili vilivyogawiwa miaka ya 2000 na kukaa vitupu vina malimbikizo ya miaka, na mnunuzi anayagundua siku ya kuomba kibali cha uhamisho. Mwambie muuzaji atoe ankara ya serikali ya siku hiyo. Risiti ya mwaka jana haitoshi. Hati nyingi za makazi pia zina sharti la kumaliza ujenzi ndani ya miezi 36. Mpango wa "nakaa nacho miaka saba kitupu" unavunja sharti hilo. Kufutiwa si jambo la kesho asubuhi, lakini kiwanja chenye pori, kisicholipiwa pango, kisicho hata na msingi, ndicho kinachotangulia kwenye orodha ya ilani.

---

Zabibu_Chungu:

Naona Dodoma imepitwa haraka. Nisahihishe pia dhana kwamba kila kitu Dodoma kinapanda.

Tangazo la Julai 2016 la serikali kuhamia liliinua bei ghafla, CDA (mamlaka ya kustawisha makao makuu) ikavunjwa Mei 2017 na kazi ya ardhi ikaenda halmashauri, mji ukawa jiji Aprili 2018. Miaka hiyo mtu alikuwa ananunua bila kuona. Sasa soko limechagua. Mhimili wa Mtumba, Ihumwa, Iyumbu na Njedengwa una sababu zake: Mji wa Serikali, chuo kikuu, watumishi wanaohitaji nyumba. Msalato wanategemea uwanja wa ndege. Nala ni magharibi, barabara ya Singida, imetengewa viwanda kwa sehemu kubwa, na barabara ya mzunguko wa nje inagusa upande huo. Kwa hiyo Nala ni eneo zuri kwa mtu anayejua anataka nini, maghala na karakana kwa mfano. Kama kiwanja chako ni cha makazi kilichopakana na viwanda, angalia kwenye mchoro kilichoandikwa kwa jirani kabla hujashangilia elfu 10 kwa mita.

Cha pili ni udongo. Dodoma ina mabonde ya udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Msingi wa kawaida unapasuka nyufa. Chimba shimo la mita moja na nusu kwenye kiwanja kabla ya kulipa, kazi ya saa mbili. Ukikuta udongo mweusi unaonata mpaka chini, jua mjenzi atakudai msingi wa zege lenye nondo, na mnunuzi wako wa baadaye atadai punguzo kwa sababu hiyohiyo. Cha tatu ni maji. Bomba la mtaa wa pili halimaanishi maji ya kila siku.

---

Jicho_la_Soko:

Zabibu, nakubaliana nawe kwa udongo. Kwa Nala sikubali sana, maana mtu wa milioni 7 asiyeishi Dodoma atapata taabu ya kusimamia. Kiwanja kitupu cha mbali kinavamiwa polepole: kwanza anayelima mahindi, kisha anayeegesha matofali, kisha banda. Dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na ingawa ni mingi, ugomvi huanza mwaka wa pili. Gharama ya mtu wa kukiangalia iingie kwenye hesabu ya faida.

---

Mchanga_Mweupe:

Shukrani wakuu. Visiga naiacha, bajeti haitoshi. Nala naiacha pia kwa sababu ya toleo na umbali. Kati ya Kimbiji na Mapinga naelekea Mapinga ikishuka hadi 13. Hati ipo kwa jina la marehemu baba wa muuzaji, yeye anasema ni msimamizi wa mirathi. Hatua zifuateje, na fedha itolewe lini?

---

Stempu_na_Muhuri:

Hapo ungeanza na hilo mkuu. Hati ya jina la marehemu haiuziki na mtoto, hata awe wa pekee.

Aonyeshe kwanza uteuzi wa mahakama. Kama ulitoka Mahakama ya Mwanzo, ni fomu namba 4. Chukua namba ya shauri uende mahakamani ukaangalie jalada: uteuzi haujatenguliwa, na kiwanja kimeorodheshwa kwenye mali za marehemu. Kisha yeye asajiliwe kama msimamizi kwenye hati, kwa Msajili. Ukiambiwa "tutafanya vyote pamoja", kataa, kwa sababu uhamisho kutoka kwa mtu asiyesajiliwa utarudishwa. Omba pia maandishi ya ridhaa ya warithi wote wazima, akiwemo mjane, yamesainiwa mbele ya wakili. Sheria haitamki kila mara kwamba ridhaa hiyo ni lazima kwa msimamizi kuuza, lakini kesi nyingi za mirathi huanzia kwa mrithi aliyesikia habari za kuuzwa kutoka kwa jirani.

Wakati hayo yanaendelea, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa namba ya hati. Unatafuta jina, rehani, zuio la mahakama, muda uliobaki. Kama hati ni ya miaka 33 iliyotolewa muda mrefu, miaka iliyobaki inaingia kwenye bei. Upekuzi ufanywe mara mbili: kabla ya mkataba, na siku ya kulipa fungu kubwa. Katikati ya tarehe hizo kiwanja kinaweza kuwekwa rehani.

Halafu mkataba mbele ya wakili wako, si wa dalali. Kisha mthamini, ripoti yake iidhinishwe. Kisha zile fomu tatu: 29 ya taarifa ya uhamisho, 30 ya kuomba kibali, 35 yenyewe ya kuhamisha. Pango liwe limelipwa. TRA. Msajili.

Fedha: asilimia 10 siku ya mkataba, na hapohapo weka zuio lako kwa Msajili kama mtu mwenye maslahi. Asilimia 60 akishasaini fomu zote na hati halisi ikiwa mkononi mwa wakili. Asilimia 30 jina lako likishaingia. Muuzaji akikataa mgawanyo huo, wakili ashikilie fedha kwa maandishi. Lipa benki kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Ukilipia simu ya shemeji yake, siku ya shauri utakuwa unaeleza.

---

Bikoni_Nne:

Na kabla ya ile asilimia 10 mpeleke mpima aliyesajiliwa afufue mipaka, yaani aitafute upya kwa ramani. Mapinga imejengwa kwa kasi, mawe ya zamani yamefukiwa na kuta za majirani zimesogea. Kama ukuta umeingia mita moja na nusu kwenye upande wa mita 25, umepoteza mita za mraba 37.5. Kwa 30,000 hiyo ni 1,125,000. Hapo ndipo pa kuanzia kuitafuta ile 13 unayoitaka, bila kubishana na dalali.

---

Mchanga_Mweupe:

Mpima anaenda Jumamosi. Namba ya shauri la mirathi bado muuzaji hajaitoa, anasema jalada liko kwa kaka yake.

---

Stempu_na_Muhuri:

Basi mpima asiende. Jalada la mahakama haliwezi kuwa kwa kaka yake.